Sura ya Sita: Mtoa Habari Namba Saba

"Rudisha nyuma," alisema Inspekta Telesphori Mageni. "Tusikilize tena, kuanzia kwenye viazi."

Eufrasia akabonyeza kitufe. Alikuwa amekaa upande wa pili wa meza na gauni lile lile la Jumanne, viatu havina kamba kwa sababu kamba zilikuwa zimefungiwa kwenye droo ya zamu. Leo ilikuwa Jumamosi. Rekoda ya kaseti iliwekwa katikati yao juu ya gazeti, na kando yake palikuwa na bahasha iliyopigwa lakiri. Ndani ya bahasha mlikuwa na kitambaa, na ndani ya kitambaa dhahabu.

Habari yenyewe ilikuwa fupi, na kila mtu mjini Kahama alijifanya anaijua kuliko polisi. Msichana wa mwaka wa tatu Chuo Kikuu, anayesomea Kiingereza na isimu, alikuja likizo na rekoda ya chuo kurekodi watu wa vijijini wanavyosema. Alipanga chumba Nyasubi, akawa anakwenda vijijini kwa baiskeli ya kuazima. Jumanne akapanda lori la kwenda Isaka kuwahi treni, na kwenye kizuizi cha barabarani askari akafungua sehemu ya betri akakuta dhahabu imelazwa chini. Ulikuwa mwaka 1983, nchi nzima inasaka wahujumu uchumi, watu wanamwaga sukari chooni usiku wasikutwe nayo. Aliyeshikwa na dhahabu alipelekwa mbele ya baraza maalumu; dhamana hakuna, wakili hakuna. Gari la kumchukua Eufrasia lilikuwa linafika Jumatatu saa mbili asubuhi.

Inspekta alitumwa kutoka Shinyanga Alhamisi. Siku mbili nzima alizimalizia kwa Pantaleo, dereva wa lori, kwa kuwa Pantaleo aliwahi kufungwa kwa dhahabu ya Geita na alikuwa na uso wa mtu anayeweza kufungwa tena. Lakini utingo, abiria na askari wa kizuizi wote walisema neno moja: rekoda ilikuwa mapajani kwa msichana tangu stendi, na dereva hakuigusa. Pantaleo akaachiwa asubuhi hiyo. Aliondoka bila kuaga, na Inspekta hakumlaumu.

Sauti ya mwanamke mzima ilitoka kwenye rekoda, Kisukuma kizito, bila haraka. Alikuwa anaeleza namna ya kutengeneza michembe. Unamenya viazi, unakata vipande vyembamba, unaanika juu ya mwamba, siku ya tatu unageuza. Kwa mbali kuku alilia. Halafu sauti ya mwanamume ikasema "Hodi humu," na palepale mwanamke akakatisha maneno. Kitu kikaanguka, kigoda pengine. Nyayo zikaenda mbio. Sauti ya Eufrasia ikaita, "Mama! Mama, tulikuwa hatujamaliza!" ikazidi kwenda mbali. Kimya kidogo. Mwisho ikasikika sauti nyembamba iliyopanda haraka na kukatika, kama kifaranga aliyekanyagwa.

"Zima," alisema Inspekta. "Huyu ni nani?"

"Mtoa habari namba saba."

"Jina lake."

"Sikuchukua majina, afande. Ndivyo tunavyofundishwa. Tunaandika umri, jinsia, mahali alipozaliwa na namba. Mtu akijua jina lake halimo, anasema kwa uhuru."

Mkuu wa kituo, aliyekuwa ameegemea mlango akichokonoa meno kwa njiti ya kiberiti, alicheka. "Mimi hapo ndipo ninaposhindwa. Binti anasomea Kiingereza. Sasa Kiingereza gani hicho kinachotafutwa kwa wamama wa nyuma ya Buzwagi, kwenye mashimo ya wachimbaji? Mageni, usijisumbue. Jumatatu haiko mbali."

Eufrasia alimjibu bila kumtazama. "Mtoto wa huku akijikwaa kwenye Kiingereza, huwezi kujua amejikwaa wapi mpaka usikie lugha aliyonyonya. Hiyo ndiyo tasnifu yangu."

"Utaimalizia gerezani," alisema mkuu wa kituo, akaondoka.

Inspekta alifungua jalada. Kulikuwa na maelezo ya shahidi mmoja ambayo hadi leo hakuyatilia maanani. Clemens, bwana mifugo, miaka thelathini na minne, mwenyeji wa Songea, amehamishiwa Kahama mwaka uliopita. Ndiye aliyemtafutia Eufrasia nafasi ya mbele kwenye lori, naye mwenyewe akapanda nyuma. Alikuwa mtu safi, mwenye kalamu mbili mfukoni, na alikuja kutoa maelezo kwa hiari yake.

"Anasema Jumatatu alipita kijijini Mwabulonga kuulizia ng'ombe mgonjwa," alisema Inspekta, kidole kikiwa kwenye mstari. "Alipiga hodi nyumba ya Scolastika. Alikukuta wewe na mama mmoja. 'Nilisimama mlangoni kama dakika mbili. Mwanafunzi alikuwepo muda wote. Sijui mtu yeyote kijijini hapo, wala Kisukuma sikijui.' Ni kweli?"

"Ni kweli alikuja. Sauti hiyo ya hodi ni yake."

"Ulikuwepo muda wote?"

Eufrasia aliitazama rekoda. "Nimewaambia askari mara tatu kwamba mashine haikutoka machoni pangu," alisema polepole. "Lakini nimejisikia mwenyewe hapo, nikienda mbali. Nilimfuata yule mama mpaka nyuma ya ghala. Sikumpata. Nilirudi nikamkuta bwana mifugo amesimama pale pale, na rekoda imezimika."

"Uliizima wewe?"

"Hapana. Nilidhani ni betri. Betri za siku hizi, afande, unajua." Sasa alikuwa ameinama juu ya mashine, na kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi Inspekta alimwona mtu aliyekuwa ndani ya lile gauni lililochoka. "Subiri. Nikizima kwa kitufe, kanda inamalizika kwa mlio mfupi tu. Betri zikifa, zinakufa taratibu. Sauti inaharibika dakika nzima kabla ya kunyamaza. Hii imepanda ghafla ikakatika. Maana yake kanda ilikuwa inazunguka vizuri, mara umeme ukaondolewa."

"Nionyeshe."

Alirekodi akihesabu moja mpaka sita. Kwenye sita Inspekta akachomoa betri. Walipozirudisha na kusikiliza, sita ilipanda juu na kukatika vile vile, kifaranga yule yule.

"Aliyezichomoa alikuwa anaficha dhahabu, na hakujua kwamba inarekodi," alisema Inspekta.

"Basi ni yeye! Mwandikie mkuu wa kituo, afande!"

"Nikimwandikia, ataniambia betri ilicheza kwenye waya. Kwake hili ni neno la mshtakiwa dhidi ya mtumishi wa serikali, mgeni, asiyejua hata kuomba maji kwa Kisukuma. Dhahabu ameipata wapi mtu asiyejua mtu?" Akavuta daftari la Eufrasia lililokuwa limekamatwa pamoja naye. "Hapa umeandika nini kuhusu namba saba?"

Eufrasia alisoma mwenyewe. "Namba saba ni mwoga. Alimwogopa mgeni akakimbia. Maelezo hayakukamilika."

Inspekta alilifunga daftari. Kisha akauliza, "Umezaliwa wapi, binti?"

"Mwadui. Baba ni karani."

"Msukuma?"

"Msukuma. Lakini nyumbani tulisema Kiswahili, na shuleni Kiingereza. Baba alisema Kisukuma hakina mtihani. Mimi nimekisomea maktaba, kwenye kitabu cha mapadri."

"Na bibi yako, mzaa mama. Alikuwa anakuja Mwadui kuwatembelea?"

"Hakuwahi kulala kwetu hata siku moja. Akija, anafikia kwa jirani, sisi tunapelekwa huko kumwamkia. Nilikuwa naumia. Nilijua hatupendi."

"Alikuwa anawapenda," alisema Inspekta. "Alikuwa anamheshimu baba yako. Mama mkwe hakai chini ya paa moja na mume wa binti yake. Hapeani naye mkono, hali naye, wala hasimami naye uso kwa uso. Wakikutana njiani mmoja anaacha njia. Mimi ni Msumbwa wa Ushirombo, lakini nimeoa Usukumani, na suruali yangu nzuri kuliko zote ilichanika kwenye uwele kwa kumkimbia mama wa mke wangu." Aligonga kidole juu ya rekoda. "Mwanamke wa Mwabulonga hamwogopi bwana mifugo. Anamwita, anamwonyesha ng'ombe, anamkaripia kwa kuchelewa. Huyu wako hakutimuliwa na woga. Sauti ya hodi tu, hata uso hajauona, tayari yuko nyuma ya ghala."

Eufrasia aliweka mikono usoni. Inspekta alidhani analia kwa ajili ya kesi, ila alipozungumza alikuwa bado yuko Mwadui. "Miaka yote hiyo," alisema. "Na hakuna aliyeniambia."

*

Land Rover ya kituo ilikuwa na mafuta ya kwenda. Ya kurudi walimwachia Mungu. Saa nane mchana Inspekta alimpitia Clemens nyumbani kwake, akamwomba kwa adabu aje aonyeshe mahali aliposimama Jumatatu, ili wafunge jalada. Clemens alivaa shati safi akaingia garini bila wasiwasi.

"Kwa hiyo binti anakwenda?" aliuliza njiani.

"Jumatatu."

"Inasikitisha. Msomi mzima. Tamaa hii!"

"Wewe Kisukuma bado hakijakuingia?"

"Lugha ngumu hii, afande. Na nani anifundishe? Naishi peke yangu, mke na watoto wako Songea."

Inspekta aliitikia kwa kichwa, akatazama nje. Barabara ilipita kando ya mashimo ya wachimbaji, na wanaume wenye vumbi jekundu hadi kwenye kope walisimama kulitazama gari la polisi mpaka likapotea.

Koplo Valerian alikuwa ametangulia kwa baiskeli tangu saa tano. Alikuwa na ujumbe mmoja tu: rekoda imerudi, na wamama wote waliosema ndani yake waje kwa Scolastika wasikie sauti zao. Inspekta alijua kwamba angewaita kwa amri ya polisi kijiji kingebaki na kuku tu. Kusikia sauti yako mwenyewe ikitoka kwenye sanduku, huko hakuna anayekataa.

Walikuja wanne, wa tano alikuwa Scolastika mwenyewe. Walikuwa wamekaa uani wakimenya karanga, na Scolastika, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuongoza kwaya, aliwaletea wageni vigoda. Inspekta aliingia kwanza, Clemens akiwa bado garini na dereva.

"Mwadila, mayu," aliwasalimia kwa Kisukuma.

"Mwadila," waliitikia, na mmoja akaongeza kwa utani, "Afande amefundishwa na nani?"

"Na mama wa mke wangu. Kwa kupaza sauti kutoka ng'ambo ya shamba."

Walicheka wote. Aliwawekea kanda. Namba tatu alipojisikia alificha uso kwa khanga. Namba tano alisema huyo si yeye, huyo ni mzee. Ilipofika ile ya michembe, mwanamke aliyekaa pembeni, mrefu, mwembamba, shanga nyeupe shingoni, aliacha kumenya. Alisikiliza mpaka mahali pa hodi. Inspekta akazima kabla haijafika mwisho.

"Mama, ndiwe?"

"Ndimi." Aliitwa Mbuke, Scolastika ndiye aliyesema jina, maana yeye mwenyewe hakulisema.

"Kwa nini ulikimbia?"

"Nilikumbuka chungu motoni."

"Mzee wako anafanya kazi gani?"

"Analima. Na wanangu wanachimba hapo." Alionyesha kwa kidevu, upande wa mashimo.

"Yule msichana aliyekurekodi yuko mahabusu, mama. Wanasema dhahabu ni yake. Kesho kutwa anachukuliwa."

Mbuke alitazama karanga zilizokuwa mapajani. "Tumesikia," alisema. "Inaumiza. Lakini mimi sijaona kitu." Kuhusu rekoda ilikuwa kweli, na Inspekta aliiamini. Aliamini pia kwamba tangu Jumanne huyu mama hakuwa amelala. Akainua mkono kumwashiria dereva.

Clemens aliingia kupitia mwanya wa ua, akiwa na tabasamu la kazini. Wanawake wanne walibaki vile vile walivyokaa. Wa tano alisimama, karanga zikamwagika zote, khanga ikapanda kichwani mpaka puani, akageukia ghala. Lakini kwenye njia ya ghala alisimama Koplo Valerian na baiskeli yake. Mbuke akabaki katikati ya ua, mgongo kwa watu.

Clemens naye alikuwa amekwama. Mguu mmoja ulikuwa ndani ya ua, mmoja nje, macho chini. Ilikuwa kwa muda mfupi tu. Kisha akauvuta mguu wa pili ndani na tabasamu likarudi. Hakuwa mjinga. Alitazama rekoda, akamtazama Inspekta, akaelewa amepelekwa kwenye mtihani wa namna gani.

"Mama yule anaumwa?" aliuliza.

"Hajambo. Wasalimie wenyeji, bwana mifugo. Kwa mkono, kama mgeni yeyote."

"Bila shaka."

Akaanza kwa Scolastika. "Shikamoo mama." "Marahaba." Mkono. Wa pili, mkono. Wa tatu akajipangusa vumbi la karanga kwanza. Wa nne. Hatua zake zilikuwa za mtu anayehesabu, na Inspekta, ambaye alikuwa ametegemea atashindwa kumkaribia Mbuke, alijikuta akizihesabu naye. Aliomba kimoyomoyo awe amekosea, mtu huyu asiwe mkwe wa mama yule. Clemens alizunguka mpaka mbele ya Mbuke, akasimama naye uso kwa uso, hatua moja tu kati yao, akanyoosha mkono.

"Shikamoo, mama," alisema. "Hatujawahi kuonana."

"Yaya! Hapana!" alipiga kelele Scolastika. "Yaya, Clemens!" Kisha akaziba mdomo, maana ametaja jina la mtu ambaye hakuna aliyemtambulisha.

Koplo Valerian, Msukuma wa Bariadi, aligeuza uso kando kwa aibu ya kuona. Mkono wa Clemens ulikuwa bado umenyooshwa, na ulikuwa hautetemeki, na hilo ndilo lililomuudhi Inspekta kuliko dhahabu. Kama angeacha njia, kama angeinama tu akaomba radhi, mama huyu angeendelea kunyamaza mpaka kaburini na Eufrasia angekwenda na gari la Jumatatu.

Mbuke alishusha khanga usoni. Alimtazama mkwe wake kwa mara ya kwanza tangu amempa binti, alimtazama kwa utulivu, macho, pua, kalamu mbili. Halafu akaupokea ule mkono kwa mikono yake miwili akaushika.

"Hatujawahi kuonana," alisema kwa Kiswahili, ili kila mmoja asikie. "Kweli kabisa. Ulileta ng'ombe kumi na wawili kwa mzee wangu, na mimi nilikuwa ndani. Ulipokuja kumchukua Limi, nilikuwa ndani. Wanangu wanapotoka shimoni wanakupa wewe kile wanachopata ukauze, na mimi niko ndani, kwa sababu nakuheshimu. Leo umenifuata mbele ya watu unipe mkono kama wa sokoni, ili binti yangu awe hajaolewa na mtu."

"Afande, mama huyu amechanganyikiwa," alisema Clemens, akajaribu kuvuta mkono. Hakuachiwa.

"Kamata, afande," alisema Mbuke. "Ndiye mume wa Limi. Mkono huo nimeushika mimi, heshima imekwisha, sasa nasema. Jumapili wanangu walimkabidhi kitambaa kwangu, nyuma ya ghala langu. Nilikiona, nimekishona mimi mwenyewe."

Koplo Valerian alileta pingu. Zilipofungwa kwenye mkono wa kushoto, ilibidi wasubiri kwa ajili ya wa kulia.

"Mama," alisema Inspekta, na sauti yake ikawa ndogo kuliko alivyotaka, "itabidi uandikishe maelezo. Na hao wanao, itabidi niwaulize na wao. Unaelewa?"

"Naelewa."

"Na Limi?"

"Ana mimba ya miezi saba." Alisema hivyo kwa Kisukuma, kwa Scolastika zaidi kuliko kwa polisi, na Scolastika akaanza kulia waziwazi. Mbuke mwenyewe hakulia. Aliuachia mkono, akaupangusa wake kwenye khanga, mara mbili, akainama kuokota karanga moja moja.

"Nenda ukamfungue yule mtoto wa watu," alisema bila kuinua kichwa. "Wangu nitamwambia mwenyewe."